Kitambaa cha Chini ya Sanduku

Wanawake walipofungua sanduku la Shangazi Mejumaa mwezi uliopita, walilifungua kwa haraka ya watu wanaojua wanachokitafuta. Maiti alikuwa amelazwa chumba cha pili, maji ya kumwoshea yamekwisha kutekwa, na maziko yamepangwa baada ya alasiri. "Sanda yake aliiweka mwenyewe," alisema mmoja wao. "Tangu sisi wasichana tunaambiwa imo humu." Akatoa leso, akatoa mabuibui mawili, akatoa foronya tatu za satini, akafika kwenye ubao wa chini. Akapapasa pembe zote nne. Kisha wakanigeukia mimi, kwa kuwa ndimi niliyekuwa mkubwa wa waliokuwamo, nami ndimi fundi, na jambo la nguo huulizwa fundi. Sanda haikuwamo. Katika chumba kile ni mimi peke yangu niliyejua kwa nini, maana ndimi niliyeikata, nikiwa na miaka kumi na tisa, nikaishona gauni. Mtu mwingine aliyejua alikuwa Bi Mwanatumu, jirani, naye ameshatangulia. Nikasema tu kwamba ninakwenda Msambweni kununua nyingine, wakanihimiza nisichelewe.

Mwaka ule nilikaa na shangazi kijijini kwake Munje kwa ajili ya kujifunza kushona, na yaliyonipeleka huko hayahusu. Kazi yote ilifanyika chumba cha mbele. Kulikuwa na meza ya mninga chini ya dirisha, juu yake cherehani cha mkono kilichofunikwa leso kuukuu kama mtoto aliyelala, na ukutani kibiriti kimening'inizwa kwenye msumari ndani ya kikopo, kwa sababu nitakayoieleza. Chumba kilinuka mafuta ya cherehani na udi. Asubuhi tulikunywa chai ya tangawizi kwa mahamri na mbaazi za nazi, na hapo ndipo vita vya siku vilipoanza, maana shangazi hakuruhusu mkono ulioshika mbaazi ukaribie nguo ya watu. Nilinawa mara moja, akanusa vidole vyangu, nikarudi kunawa. "Mteja hanunui mbaazi, Saumu," alikuwa akiniambia. Alikuwa mwanamke mfupi, aliyeachika mara mbili na asiyeona haya kulisema, na neno alilolipenda kuliko maneno yote katika lugha yetu lilikuwa "rudisha."

Nilichokitaka mwaka ule kilikuwa kiti. Ukunda kulikuwa na duka la mama mmoja wa bara, Mama Kendi, aliyeshonea wageni wa mahoteli, na kwenye duka hilo kulikuwa na vyerehani vitatu vya umeme na mafundi wawili. Kiti cha kile cha tatu kilikuwa kitupu. Nilipokwenda kuomba kazi nilimwamkia shikamoo, akanitazama kana kwamba nimemzeesha. Alinionyesha gauni la kizamani alilolipata kwenye mitumba: kola ya duara, kifua kilichobana, kiuno chembamba, kisha sketi ya mwavuli iliyofunguka mpaka chini ya magoti. "Wageni wa Galu wanapenda hizi vitu za zamani sana," aliniambia. "Wewe enda home, uchague material mwenyewe, ushone yako kama hii, from zero. Ikiwa poa, hiyo kiti ni yako. Lakini kabla ya season, sawa? Sitangoja." Nililipima gauni lile kwa tepu, nikaandika vipimo vyote kwenye karatasi ya sukari, nikarudi Munje nikiamini ya kwamba kazi imeshakuwa yangu. Sikuwa na habari kwamba kipengele kigumu kilikuwa kile alichokitaja kwa pumzi moja tu, cha kuchagua kitambaa.

Cherehani kilikuwa kimoja, nacho cha shangazi, na shangazi hakuwa tayari kuiingiza sindano yake kwenye kitambaa asichokikubali. Nilianza na satini ya rangi ya waridi. Niliiona dukani inang'aa nikasema ndiyo hii. Aliishika pembe moja, akaiacha, ikamwagika sakafuni. "Sketi ya mwavuli inataka kitambaa kinachosimama," alisema. "Hiki kinateleza kama mlenda. Rudisha." Nilikirudisha Ukunda, na mwenye duka akanicheka. "Kitambaa kilichokatwa hakirudi, dada. Ungekuwa unarudisha ndoa ningekusaidia." Nikarudi nacho nyumbani, kikawa foronya, zile zile zilizotolewa sandukuni mwezi uliopita. Mwaka ule wote tulilalia satini, na kila nilipogeuka mto ulinikimbia.

Baada ya hapo nilileta popelini ya maua madogo. Alilowesha ncha, akaisugua kwa kitambaa cheupe, nyekundu ya maua ikahamia yote. "Kinachuja. Rudisha." Nilileta kitenge kigumu kama ubao, nikidhani hapo nimemweza. Alikitia kwenye beseni, akakianika, kilipokauka kilikuwa kimelegea kama tambara la kudekia. "Ugumu ule ulikuwa wanga, mwanangu. Umenunua uji." Nilileta pazia la mitumba, zito, la rangi ya maziwa, ambalo mpaka leo ninaamini lilikuwa zuri. Alilipeleka dirishani, akatafuta palipopigwa na jua, akapasua kwa vidole viwili bila ya kukaza mkono. Nilipopata kimoja kilichopita mitihani hiyo yote, alichomoa uzi mmoja, akakifuata kile kibiriti ukutani, akauchoma. Uzi ukiwa jivu, ni pamba. Ukijikunja ukawa shanga nyeusi, ni nailoni. Ulikuwa shanga. Nilikwenda nyuma ya nyumba, kwenye mihogo, nikalia kwa hasira, na nilipomaliza kulia nilikuta ameniwekea sahani ya wali wa nazi na papa, ameifunika kawa.

Sasa mimi ni mtu mzima ninayefundisha wasichana wengine, nami ninajua kwamba mitihani ile ndiyo ufundi wenyewe. Kushona ni mikono tu, hata mashine inaweza. Lakini kulijua jambo hakuondoi ghadhabu yake. Bado ninakasirika. Angeweza kwenda nami dukani hata siku moja. Angeweza kuniambia mapema, tafuta hiki na hiki. Nilimuuliza kwa nini hasemi anachokitaka, akanijibu kwamba yeye hataki kitu, anayetaka gauni ni mimi. Jioni moja nilikuwa ndani ninakuna nazi, nikamsikia nje ukutani akizungumza na Bi Mwanatumu. Bi Mwanatumu, mwanamke mpana mwenye huruma nyingi na siri chache, alikuwa akinitetea. "Mejumaa, mtoto anakonda. Mwambie kimoja kizuri, apumue." Shangazi akasema, "Nikimwambia kizuri leo, kesho ananunua chochote." "Na kiti cha Ukunda je?" "Kiti hakishoni," alijibu shangazi. Niliikuna ile nazi mpaka nikafika kwenye kifuu, mchuzi ukawa na rangi ya vumbi, tukaula hivyo hivyo.

Zilipobaki wiki chache wageni waanze kuja, habari ya msiba ililetwa kutoka Jego. Shangazi na Bi Mwanatumu wakafungasha kwenda matangani, siku tatu. Nilimwandama shangazi kutoka chumbani hadi ukumbini, kutoka ukumbini hadi barazani, nikimwomba kitambaa, kitambaa chochote, kwamba Mama Kendi hatangoja. Alikuwa ameshavaa buibui, gari linamsubiri barabarani. "Umeniudhi, Saumu," alisema. "Sandukuni mwangu juu mna cheupe, masalio ya sare za madrasa. Chukua hicho, jaribu kukata kifua, nikirudi nikione. Na uniondolee kero." Hiyo ndiyo ruhusa niliyopewa, na ninaiandika kama ilivyotamkwa kwa sababu kwa miaka mingi nilijaribu kuikumbuka vingine. Alisema juu.

Cheupe cha juu kilikuwepo. Kilitosha kifua na kola, hakikutosha sketi ya mwavuli hata robo. Nilikaa kando ya sanduku lile lililo wazi nikihisi kwamba ninachezewa. Nikaingiza mkono chini, chini kabisa, nikashika kitu kilichofungwa ndani ya leso ya kale. Nilipokifungua kilinuka udi na kafuri, lakini kila kitu cha shangazi kilinuka udi, na kafuri aliitia kwenye nguo zote za akiba kufukuza wadudu. Ilikuwa bafta, wari nyingi, nyeupe, nzito, ya zamani, ya kufumwa kwa kukazwa, isiyo na wanga hata chembe kwa kuwa ilikuwa imeshafuliwa. Niliifinya ndani ya ngumi nikahesabu hadi kumi, nikaachia. Ikafunguka yenyewe bila ya mkunjo. Niliipeleka dirishani, jua halikupenya. Nikachomoa uzi, nikafuata kibiriti. Jivu. Mwaka mzima nilikuwa ninatembea Ukunda na Msambweni kutafuta kitambaa hiki, nacho kilikuwa hatua sita kutoka mkeka ninaolalia. Sikuwaza sanda. Shangazi alikuwa mwanamke wa makamo, anacheka, anakula, anaburuza magunia ya mihogo. Niliwaza jambo moja tu, kwamba alikuwa nacho akaninyima. Nikatandika mkeka, nikakikunja mara nne, nikafunga chaki kwenye uzi, nikachora nusu mwezi, na mkasi ulipokiingia kilitoa sauti safi ambayo satini na vitenge vyote vile havikuwahi kunipa.

Walirudi siku ya tatu mchana. Shangazi alitoa salamu mlangoni, nikaitikia, akaingia akivua buibui lake, akasimama katikati ya kuvua. Sketi ilikuwa imetandazwa chumba kizima. Mabaki yalikuwa kwenye pembe, vipande vilivyopinda. Aliinama akashika pindo kwa vidole vile vile alivyoshikia satini na popelini.

"Umekitoa wapi?"

"Sandukuni, Shangazi."

"Juu au chini?"

Ningeweza kudanganya, lakini mbele ya vidole vile hapakuwa na faida. "Chini," nikasema.

Bi Mwanatumu ndiye aliyepiga kelele, mkono kifuani. "La haula! Mejumaa, mtoto amekata sanda yako!"

Hivyo ndivyo nilivyojua. Baadaye Bi Mwanatumu alinieleza kwamba shangazi aliinunua sanda ile mwaka aliougua mpaka akaagana na watu, akaitia maji ya Zamzam aliyoletewa na mahujaji, akaifukiza, akaifunga. Na alipopona akaona haya kuitoa. Shangazi mwenyewe hakunieleza chochote. Alitoka nje, akatawadha, akasali. Akala mkate na chai. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kizingiti, siwezi kuingia wala kutoka, ninangoja nifukuzwe. Alipomaliza kula alinawa mikono, akainusa, akaingia chumba cha mbele akaviokota vile vipande vya pembe kimoja kimoja akivipima kwa mkono, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Havikutosha nguo hata moja kati ya zile tano anazozikwa nazo mwanamke. "Kilichokatwa hakirudi," alisema, na sikujua kama ananisema mimi au anamsema yule mwenye duka wa Ukunda. "Kaa ushone."

"Shangazi, siwezi."

"Utaweza. Nilikiweka hiki nikasimame nacho mbele ya Mola wangu. Hutakishona ovyo."

Nilitamani anipige. Kupigwa kungekuwa rahisi. Badala yake alikaa kigodani karibu yangu na sindano ya kufumulia, na kila mshono uliokwenda upande hata unene wa uzi aliufumua. Kola aliifumua mara tatu. Zipu mara nne, mpaka nikaota zipu. Ndani ya gauni, mahali pasipoonekana na mtu, alitaka kila pindo likunjwe mara mbili lifiche uzi wake. "Nani atatazama ndani?" nilimfokea siku moja, mimi niliyemkatia sanda, bado nina ulimi wa kufoka. Hakukasirika. "Anayelivaa," alisema.

Mama Kendi alilichukua gauni lile akaligeuza ndani nje kabla hata ya kulitazama nje. "Hii finishing nani alikufunza?" Nikasema shangazi yangu. "Na hii cotton ulitoa wapi? Unaweza pata ingine?" Nikasema hapana, ilikuwa moja tu. Nikapewa kiti. Haikupita wiki mbili, mgeni mmoja aliyekuja kuolewa ufukweni Galu akaliona limetundikwa, akalinunua, akaolewa nalo miguu mitupu mchangani. Nilikwenda Munje kumweleza shangazi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka mpaka akajifuta machozi kwa upande wa leso. "Mwanatumu!" aliita kupitia ukutani. "Njoo usikie! Mimi nimeachika mara mbili, sanda yangu imeolewa na Mzungu!"

Nilidhani kicheko kile kilikuwa msamaha, na kwa mshahara wangu wa kwanza nikamnunulia bafta nyingine. Alikifinya kitambaa, akakiangalia dirishani, akachomoa uzi, akafuata kibiriti. "Chepesi," alisema. "Rudisha." Nilileta nyingine kutoka Mombasa. Imetiwa wanga, rudisha. Nilileta ya Tanga. Nilipoolewa nilileta, nilipojifungua nilileta, nilipofungua duka langu mwenyewe niliagiza bora kuliko zote. Hiki kina mafundo. Hiki cheupe mno, kimechomwa na dawa. Mwaka mmoja nilimpa pesa mwanamke aliyekwenda kuhiji aninunulie Makka kwenyewe, nikajua sasa hana pa kutokea. Ule uzi ulipojikunja ukawa shanga, alinionyesha kwenye ncha ya kidole kwa furaha ambayo sikuisamehe. "Hata Makka siku hizi," alisema.

Na kwa kuwa vilivyokatwa havirudi, alivigawa. Mtu akifiwa mtaani na hana kitu, shangazi alipeleka moja ya zile nilizoleta. Bi Mwanatumu alizikwa kwa ile ya Tanga. Nikihesabu, naona nusu ya wanawake waliolala makaburi ya pale Munje wamelala ndani ya sanda nilizomnunulia shangazi yangu, naye akabaki hana. Tuligombana juu ya hilo hata mwaka jana, macho yake yameshafifia, uzi ninamchomea mimi. Nilimwambia, "Shangazi, unataka nini? Niambie unachokitaka, nikilete, nipumzike." Akanijibu kwamba yeye hataki kitu. Sijui kama alikuwa ananiadhibu, au ananisomesha, au hakupenda tu kukubali kwamba siku yenyewe imekaribia. Miaka yote ile nimejiuliza na sijui, na linaniudhi kwamba amekwenda na jibu.

Kwa hiyo mwezi uliopita nilisimama katika duka moja la Msambweni, jua limeshapinda, simu inalia mkobani, watu wananiuliza niko wapi. Mwenye duka alinitandazia bafta juu ya kaunta. Niliomba nyingine. Akaleta ya pili, ya tatu. Nilifinya, nikahesabu hadi kumi. Nilikwenda nazo mlangoni kutazama mwanga. "Mama, pole kwa msiba," alisema kwa upole, "lakini hii ni ya maziko. Mtu haivai mara mbili." Nikamwambia anipe kibiriti. Alinitazama, akanipa. Ya nne ilikuwa nzito, imekazwa, haina wanga wala harufu ya dawa. Uzi wake uliwaka ukawa jivu, nikalipuliza.

Nilisimama pale. Nilikuwa ninangoja, na ilinichukua muda kutambua ninangoja nini. Mwenye duka akauliza, "Nikate, nisikate?" Nikasema kata. Mkasi ukatoa ile sauti safi ya siku ile.

Nilipofika Munje wanawake walikipokea mlangoni, wakakishika mmoja baada ya mwingine kwa vidole vyao. Kizuri, walisema. Mashaallah, kizuri sana, Saumu, umechagua. Nikawatazama usoni wote, mmoja mmoja, na hakuna hata mmoja aliyeniambia nirudishe.